Historia fupi ya programu za kusafisha kompyuta, na jinsi zilivyofika Kitale na Bungoma

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na jamaa wa Kitale na Bungoma halihusu uandishi wa programu hata kidogo. Huwa hivi: "Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito, inakwama kwama. Niiwekee programu gani ya kuisafisha?"

Siku hizi najibu kwa kuuliza: inaumwa nini? Wengine hukasirika kidogo, maana walitaka jina la programu waende zao. Leo nataka kueleza kwa nini nauliza hivyo, na nitaeleza kwa njia ya historia. Programu nyingi za kusafisha zilizaliwa kutibu ugonjwa wa kweli wa wakati wake. Ugonjwa ukapungua au ukaisha, dawa ikabaki sokoni, ikaanza kutafuta wagonjwa. Ukiijua historia hii utaokoa pesa, na huenda ukaokoa nyaraka zako pia.

Mwanzo: Norton na DOS

IBM ilitoa kompyuta yake ya PC mwezi Agosti 1981. Mwaka uliofuata, 1982, Mmarekani Peter Norton akaanza kuuza Norton Utilities. Chombo kilichompa jina kiliitwa UNERASE, na kazi yake ilikuwa kurudisha faili lililofutwa kwa bahati mbaya.

Kiliwezekanaje? Ukifuta faili, DOS haikugusa maneno yaliyomo. Ilibadilisha herufi ya kwanza tu ya jina la faili kwenye orodha yake, kisha ikahesabu nafasi ile kuwa tupu. Mradi hujaandika kitu kingine juu yake, faili lilikuwa bado lipo. Norton aliijua siri hiyo, akaifanya kuwa biashara.

Ugonjwa wa pili wa zama zile ulikuwa faili kutawanyika. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea hutembea juu yake kutafuta data. Diski ikijaa na kufutwa mara nyingi, faili moja hukatwa vipande na kutupwa huku na huko, na kichwa hukimbia mbio za ajabu kuvikusanya. Dawa ilikuwa kupanga vipande upya viwe pamoja. Kampuni ya Symantec iliinunua kampuni ya Norton mwaka 1990, na MS-DOS 6 ilipotoka mwaka 1993 ilikuja na programu ya DEFRAG ambayo Microsoft iliipata kwa leseni kutoka Symantec. Mwaka huo huo MS-DOS 6.2 ikaleta ScanDisk, ya kukagua diski na kurekebisha makosa. Windows 98 nayo ikaleta Disk Cleanup, ya kufuta faili za muda.

Angalia vizuri hapo. Kufikia 1998 kazi za msingi za usafi zilikuwa zimo ndani ya Windows, bila malipo. Sasa wauzaji wa programu za kusafisha wangeuza nini?

Dawa isiyo na dawa ndani

Jibu moja lilikuwa limepatikana tayari mwaka 1995. RAM ilikuwa ghali mno, na Windows 95 iliipenda sana. Kampuni ya Syncronys ikatoa SoftRAM 95, iliyodai kuongeza RAM maradufu bila kufungua kompyuta. Ziliuzwa nakala zaidi ya 600,000. Wataalamu, wakiwemo Mark Russinovich na Bryce Cogswell, walipoipasua na kuichunguza walikuta haifanyi kile ilichodai. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilikubaliana na FTC, tume ya biashara ya Marekani, kuacha madai hayo.

Mimi hujiuliza, watu 600,000 walidanganyikaje? Nadhani sababu ni kwamba kasi ya kompyuta ni vigumu kuipima kwa macho. Ukiambiwa mashine imepona, unaanza kuiona imepona. Biashara yote iliyofuata ilijengwa juu ya udhaifu huo.

Mashine zinafika magharibi ya Kenya

Miaka ya 2000 ndiyo kompyuta zilipoanza kuingia nyumbani na kwenye saiba za miji yetu kwa wingi. Nyingi zilikuwa za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani. Ziliingia Mombasa, zikapanda Nairobi hadi Eldoret, na hapo njia hugawanyika: moja huenda Kitale kupitia Moi's Bridge, nyingine hushika Webuye hadi Bungoma na kuendelea Malaba. Shule nazo zilipata msaada wa Computers for Schools Kenya, shirika lililoanzishwa mwaka 2002, lililokuwa likitengeneza kompyuta zilizotumika na kuzisambaza shuleni.

Mashine ya kawaida ya siku zile ilikuwa Pentium III au Pentium 4 yenye RAM ya megabaiti 128 au 256, diski ya gigabaiti 20 au 40, na Windows XP iliyotoka Oktoba 2001. Microsoft wenyewe walishauri XP ipewe megabaiti 128 kwenda juu. Kwa hiyo mashine ilianza maisha mapya huku ikiwa imeshabanwa, hata kabla mtoto hajaweka mchezo wa kwanza.

Intaneti nayo ilitoka kwa setilaiti, ya polepole na ya bei kali. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009: SEACOM ilianza kazi Julai mwaka huo, na TEAMS ilikuwa imetua mwezi Juni. Kabla ya hapo, programu ilisafiri kwa CD na baadaye kwa flashi, kutoka mkono hadi mkono.

CCleaner ilitokea katika mazingira hayo, mwaka 2004, kutoka kampuni ya Piriform ya Uingereza. Ilikuwa ndogo, ya bure, na ilifanya kazi ya kweli: ilifuta mabaki ya vivinjari na faili za muda. Kwa diski ya gigabaiti 20 iliyojaa, kupata gigabaiti mbili za bure kulikuwa na maana kubwa, kwa sababu Windows hutumia nafasi ya diski kama RAM ya ziada. Fundi alikuwa na haki ya kuipenda.

Lakini flashi ile ile ilibeba mambo mengine. Kirusi cha Sality hujipachika ndani ya faili za programu zenyewe, kwa hiyo hata faili la kusafishia liliweza kuwa na uchafu. Conficker, kilichoonekana Novemba 2008, kilijifunza kuruka kwa flashi kupitia AutoRun, ile tabia ya Windows ya kuendesha chochote kilichochomekwa. Microsoft iliufunga mlango huo kwa XP na Vista Februari 2011 kupitia masasisho ya intaneti. Mashine ambayo haikuwahi kuunganishwa na intaneti haikufikiwa na masasisho hayo.

Magonjwa yetu matatu

Hapa ndipo naona wauzaji wa programu za kusafisha hawakutufikiria kabisa. Uzito wa kompyuta zetu mara nyingi ulitokana na mambo ambayo programu ya kusafisha haiyagusi.

La kwanza ni stima. Wengi tunakumbuka mgao wa mwaka 2000 wakati wa ukame. Hata bila mgao, mvua za alasiri za upande wa Mlima Elgon huja na radi, na stima hupotea bila taarifa. Diski iliyopangwa kwa FAT32 ikikatiwa stima katikati ya kuandika, orodha yake ya faili huharibika. NTFS huandika kwanza kwenye kumbukumbu yake jambo inalotaka kufanya, hivyo ikiamka hujua pa kumalizia. (Hilo huokoa mpangilio wa diski. Barua uliyokuwa hujaihifadhi haitarudi.) XP ilikubali zote mbili, na nyingi ziliachwa kwenye FAT32.

La pili halijulikani sana. XP huongea na diski kwa njia ya haraka iitwayo DMA, ambapo data huingia RAM bila kuisumbua prosesa. Ikikusanya makosa sita ya mawasiliano, hushusha kasi, na makosa yakiendelea huishia kwenye PIO, njia ya kale ambapo prosesa hubeba kila kitu yenyewe. Kompyuta hapo hutambaa kama kinyonga. Mashine ya mtumba yenye ukanda wa diski uliochakaa ilifika huko upesi, na ukiisafisha kwa programu mara mia haitatoka. Tiba yake ni kubadilisha ukanda, kisha kuondoa chaneli ya IDE kwenye Device Manager na kuwasha upya.

La tatu ni vumbi. Kiangazi cha Januari na Februari, na msimu wa kupukuchua mahindi, feni huvuta kila kitu. Vumbi likiziba feni, Pentium 4 ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Mwenye kompyuta anaona "imekuwa nzito". Brashi laini ingeitibu kwa dakika kumi.

Msafishaji anageuka mwizi

Huku nje, biashara ilikuwa imeharibika. Programu kama WinFixer zilitokeza dirisha la kutisha: kompyuta yako ina makosa mia kadhaa, lipa tuyaondoe. Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa uongo. Desemba 2008 FTC iliwashtaki wahusika, ikisema zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamenunua, na mwaka 2012 mahakama ikaamuru mmoja wao alipe zaidi ya dola milioni 163.

Wengine walijificha kwenye rejistri, lile ghala ambamo Windows huweka mipangilio yake. Ni kweli programu zilizoondolewa huacha mabaki humo. Lakini ghala lina maingizo malaki, na kuondoa mia tano hakuongezi kasi unayoweza kuihisi. Ukiondoa moja lisilofaa, Windows inaweza kukataa kuwaka. Microsoft iliwahi kutoa RegClean yake yenyewe, ikaiondoa, na leo inasema haiungi mkono programu za kusafisha rejistri.

Halafu likaja la 2017. Avast iliinunua Piriform mwezi Julai. Septemba ikagunduliwa kwamba CCleaner 5.33, iliyotolewa 15 Agosti kutoka kwenye tovuti rasmi ya kampuni, ilikuwa imepachikwa programu haribifu na wadukuzi waliokuwa wameingia kwenye mitambo ya Piriform. Ilifika kwenye kompyuta kama milioni 2.27. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2024 FTC iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake.

Na mwisho wa ukoo huu unachekesha. Mwaka 2022 kampuni yenye jina la Norton iliungana na Avast, zikaitwa Gen Digital. Norton ya 1982 na CCleaner ya 2004 sasa zinaishi nyumba moja.

Tufanye nini leo?

Diski za SSD hazina kichwa kinachotembea, kwa hiyo kupanga vipande hakuzisaidii, kunazichosha tu. Windows imekuwa ikipanga diski za sahani yenyewe kwa ratiba tangu Vista ya 2007, na tangu 2017 Windows 10 ina Storage Sense inayofuta faili za muda. Ugonjwa wa Norton umekwisha. Magonjwa yetu ya stima na vumbi bado yapo. Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Nakili nyaraka zako kwanza kwenye diski ya nje. Cheti cha mtoto na karatasi za shamba havipakuliwi tena.
2. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager. Tazama kinachojaa ni prosesa, RAM au diski. Hapo utajua ugonjwa.
3. Kama diski iko asilimia 100 muda wote na ni ya sahani, SSD ndiyo tiba. Hata ndogo.
4. Kama RAM imejaa, zima programu zinazojiwasha zenyewe, kisha ongeza RAM.
5. Kama inawaka vizuri halafu inachoka baada ya muda, safisha feni.
6. Tumia UPS, na chomoa waya radi ikianza.
7. Angalia toleo. Windows XP iliachwa na Microsoft 8 Aprili 2014, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kubeba Windows 11 bado inaweza kubeba Linux vizuri tu.

Kompyuta moja ya nyumbani Kitale au Bungoma leo hubeba kodi ya baba kwenye iTax, fomu ya HELB ya binti na hesabu za duka la mama. Ukimpa mgeni ruhusa ya kufuta chochote humo kwa sababu tu ameandika neno "safisha" kwenye dirisha lake, umempa funguo za nyumba. Muulize kwanza ataondoa nini. Akishindwa kukujibu, mfunge nje.

Basi kwa leo tuishie hapo. Tukijaliwa, wakati mwingine nitaeleza jinsi ya kuweka Linux kwenye mashine ya zamani. Siku njema.