Kabla ya Miashoki ya Mastaa: Stori ya Ua wa Miti Kule Kusini

Leo tunaweka umbea pembeni kidogo, ingawa mada yenyewe ni ya kuzuia umbea.

Staa yeyote wa mjini (majina kapuni, mnawajua) akiposti mjengo wake mpya, usiangalie gari. Angalia nyuma ya gari. Utaona mstari wa miti mirefu, myembamba, majani yameinama chini kama mwamvuli uliofungwa. Hiyo ndo miashoki, asili yake India na Sri Lanka, na siku hizi ukipita kwenye vitalu vya miche barabarani Dar hukosi kuiona. Kazi yake pale ni moja tu: jirani wa ghorofa ya pili asijue nani kaja kuogelea Jumapili.

Sasa na huko mikoani watu wanajenga, na wao wanataka vilevile. Mtu kapata kiwanja Nanganga, kashapandisha ukuta wa nyumba, swali linalofuata ni "nipande miti gani wapita njia wasinione?" Kwa wasioijua, Nanganga ni pale kwenye barabara kuu ya kwenda Masasi, ukishapita Mtama na Nyangao, kabla hujafika Ndanda. Ndipo inapochepuka njia ya Ruangwa, na Nachingwea nako unaingilia hapohapo. Shabiki aliyewahi kusafiri kuifuata timu yake ikicheza na Namungo anapajua. Ni njia panda: malori, mabasi, bodaboda, wauza korosho. Macho ni mengi.

Lakini kabla hujanunua mche, sikiliza stori ya hapo ulipokanyaga. Maana kule kusini watu walijificha nyuma ya miti zamani sana kabla Instagram haijazaliwa, na hawakuwa wanaficha bwawa la kuogelea.

Tuanze na neno lenyewe. Ua, ukitaka wingi ni nyua, ni ule uzio unaozunguka nyumba. Ukisema mtu yuko uani, yuko nyuma ya nyumba. Ukisema kwa adabu "ameenda uani", kila mtu anaelewa yuko chooni, hakuna haja ya maswali. Yaani kwa Mswahili ua haukuwa wa kulinda televisheni. Ulikuwa wa kuficha mwili: mtu anaoga, mama anapika na khanga moja, mzazi yuko ndani na mtoto mchanga. Ulijengwa kwa makuti, kwa matete, kwa mabua ya mtama, na ukichoka unajengwa tena. Hata wakati wa unyago, mwali anapowekwa ndani na kufundwa, kinachomtenga na dunia ni kitu chepesi hivyo hivyo. Watu wanaheshimu. Hakuna mwenye akili zake anayechungulia.

Ule ulikuwa ua wa nyumba. Ua wa kijiji ulikuwa habari nyingine kabisa.

Karne ya 19 kusini haikuwa poa. Misafara ya watumwa ilitoka bara kuelekea Kilwa Kivinje, na juu yake kulikuwa na uvamizi wa Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara. Mwaka 1882 waliivamia Masasi, pale ambapo wamisheni wa UMCA chini ya Askofu Steere walikuwa wameweka makazi ya watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Fikiria mtu aliyetolewa utumwani, kapewa shamba, kajenga, halafu miaka sita baadaye anakimbia tena na watoto mgongoni.

Wamakonde wao walikuwa na jibu lao: kichaka. Waliacha msitu mnene wa vichaka na miiba uizunguke miji yao, na ndani wakapitisha vijia vyembamba vya mtu mmoja mmoja. Asiyejua njia hafiki, na akifika anafika mmoja, sio hamsini. Livingstone alipoteremka Mikindani mwezi Machi 1866 akiwa na ngamia, ilibidi aajiri watu wa kumkatia njia kwa shoka, maana mnyama mkubwa hapiti mle. Wenyeji walipita kila siku bila shoka. Hapo ndo utajua kichaka kile kilikuwa geti, na ufunguo wake ulikuwa kwenye kichwa cha mwenyeji.

Kwa hiyo uzio wa kwanza wa miti unaojulikana vizuri ukanda huu haukupandwa. Uliachwa tu usikatwe.

Halafu wakaja Wajerumani, na kila utawala ulikuja na mti wake. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida kupitia Hamburg. Vichipukizi vilivyonusurika safari havikufika hata mia, na hivyo ndivyo vilivyozaa mashamba yote unayoyasikia. Leo ukitembea vijijini unaona mkonge umesimama mmoja mmoja kwenye mpaka wa shamba kama mlinzi aliyesahaulika na kampuni.

Wa pili ni ule ninaoupenda mimi: mpira. Sio wa Namungo, huu ni mti, ndugu wa mhogo, kwao Brazili. Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wa kutengenezea mpira, biashara ikapaa, halafu mwaka 1913 bei ikaanguka vibaya kwa sababu mpira wa Malaya ulikuwa bora na wa bei rahisi. Matajiri wakala hasara. Kina mama wakaangalia ule mti, wakaona majani. Kisamvu cha mpira mnachokula na nazi ndio mabaki ya ule mradi. Mti huohuo ukahamia kwenye mipaka ya viwanja: unachomeka kijiti, unashika, jirani anaona majani, wewe unaona mboga. Hakuna historia ya ukoloni iliyowahi kutoa mchuzi mzuri kama huu. (Angalizo: kisamvu cha mpira kitwange vizuri na kichemke sana, kina sumu kikiwa kibichi.)

Waingereza nao wakaleta ustaarabu wao. Kila mji wa Tanganyika ukawa na Uzunguni, nyumba zimekaa mbalimbali, bustani pana, ua wa kijani umekatwa ukanyooka kama meza. Aliyeukata alikuwa mtunza bustani, ambaye wakati ule aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu. Majina ya wale mababu hayamo kwenye vitabu. Waliokaa ndani ya ua wameandikiwa kumbukumbu, walioukata hapana.

Kwenye bustani hizo ndiko bogenvilia ilikopendwa sana, na hii ina umbea wake wa kimataifa. Lilipewa jina la nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kuanzia 1766. Mtaalamu wa mimea kwenye safari ile alikuwa Philibert Commerson, na msaidizi wake "kijana" aliyembebea mizigo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, amevaa kiume kwa sababu meli za jeshi hazikuruhusu wanawake. Alijificha kwenye meli iliyojaa wanaume kwa muda mrefu kabla hajagundulika. Mti ambao leo unatuficha majirani ulipatikana kwenye safari ya mtu aliyekuwa anajificha mwenyewe. Haya, tuendelee.

Nachingwea ndiko Waingereza walikofanya kinyume kabisa. Mwaka 1947 walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, mpango ukiwa zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta na matingatinga yakaja kung'oa vichaka, vilevile ambavyo kizazi kimoja au viwili nyuma vilikuwa kinga ya watu. Ardhi ikagoma, mvua ikagoma, vyuma vikavunjika. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 na kitu zimeteketea. Ilibaki bandari ya Mtwara, na reli ambayo nayo ilifungwa mapema miaka ya 1960.

Cha ajabu, miaka michache baadaye Nachingwea hiyohiyo ikawa maficho tena. Kuanzia 1965 FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo pale, Samora Machel akiwa mmoja wa wakuu wake.

Pigo la mwisho kwa ua wa kichaka lilikuwa vijiji. Kusini watu walianza kukusanywa mapema kwa sababu ya vita ya ng'ambo ya Ruvuma, na Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, nchi nzima iwe imehamia kufikia mwisho wa 1976. Nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara. Ulikuwa na faida zake, shule na zahanati vilisogea. Ila mtu aliyelelewa ndani ya kichaka akajikuta kapanga uso kwa uso na lori. Hapo ndipo mbono na minyaa vikapata kazi nyingi: uzio wa haraka, wa bure, unaochomekwa kwa vijiti.

Na hapa kuna jambo ambalo vijana wa mjini hatulijui. Ule mstari wa minyaa sio pazia tu. Ni hati. Mume akifariki, ndugu wanakuja kusogeza mpaka, mjane anakwenda Baraza la Ardhi la Kijiji hana karatasi yoyote. Anachoonyesha ni miti: hii tulipanda mwaka fulani, mzee fulani alikuwepo. Ukinunua kiwanja, siku ya kwanza ukaleta vijana wang'oe "majani yale mabaya" ili upige fensi ya bloku, unaweza kuwa unang'oa ushahidi wa mtu. Uliza kwanza.

Sasa turudi kwenye kiwanja chako pale njia panda.

Mbono kaburi usiutegemee peke yake. Unashika haraka na mbuzi hawaugusi, lakini kiangazi unapukutisha majani, na kiangazi cha kusini ni kirefu. Yaani kuanzia katikati ya mwaka uko uchi mpaka mvua. Mbegu zake zinafanana na kitu cha kuliwa, watoto wakila wanatapika na kuharisha vibaya. Mnakumbuka ule wakati wa mafuta ya mbono, kampuni moja ya Kiholanzi ikachukua maelfu ya hekta kule Kilwa? Ilifilisika, wanakijiji wakabaki wanauliza ardhi yao iko wapi.

Mnyaa unavumilia ukame kuliko yote na hauachi nafasi juu, ila maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali. Nyumba yenye watoto wadogo, hapana. Mkorosho nao usipande kama ua hata kama kila mtu anao. Unataka mita kumi au zaidi kila upande, matawi yatavuka kwa jirani, na siku korosho zikiangukia kwake mtaonana wabaya kwa mwenyekiti wa kitongoji. Miashoki inapendeza, lakini miaka ya mwanzo inataka maji, na kinachoziba ni macho ya ghorofani. Nanganga ghorofa ziko ngapi? Anayekuona anatembea kwa miguu.

Ningekuwa mimi, kwa mbele ningepanda mhina. Ndio, hina hiihii ya harusi. Unavumilia jua, unafika juu ya kichwa cha mtu, na kadiri unavyoukata ndivyo unavyojaza kuanzia chini, mahali ambapo macho ya mpita njia yanapita. Majani unayokata yana wateja. Katikati ningechanganya bogenvilia kwa ajili ya miiba, na nyuma, upande wa jikoni, mpira kwa ajili ya kisamvu. Upande unakotoka upepo na vumbi, mijohoro michache mbali na nyumba.

Watu wataniambia fensi ya bloku inamaliza yote. Inamaliza macho, kweli. Inamaliza na sauti pia. Sote tumeshawahi kusoma habari za mwanamke aliyepigwa usiku kucha ndani ya geti na majirani wakasema hawakusikia kitu. Nyuma ya ua wa miti huonekani, lakini ukiita "jamani" mtu anasikia, na anaweza kupenya. Kwangu hiyo inatosha kuchagua.

Mwisho ni la kisheria. Barabara kubwa ina hifadhi yake, mita 30 kutoka katikati kila upande kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007. Usipande ndani ya hapo, hata kama jirani kapanda na hajaguswa. Siku lami ikipanuliwa utaona X nyekundu kwenye ukuta, na mhina wako hautahesabika. Pima kwanza, chimba mashimo Novemba, mvua zikishika Desemba ndio uchomeke. Na kabla ya kuchomeka kijiti cha kwanza, piga hodi kwa jirani mkubaliane mpaka, aone kwa macho yake.