Nipige, Nipigie

Mwaloni Rumonge, nchini Burundi, asubuhi mitumbwi ikirudi, samaki mmoja ana majina mawili. Sisi wa Kigoma tunamwita mgebuka. Wenyeji wanamwita mukeke, na ukibisha utauziwa bei ya mgeni. Dagaa wetu kwao ni ndagala. Hata kazi ya kamera niliyokuwa nimeivaa shingoni ilikuwa na majina mawili: mimi nilikuja kupiga picha, wao waliona mtu wa kupiga foto. Neno letu tulilipata kwa Mwingereza, lao limekuja na Kifaransa.

Watoto walinizunguka. "Nipige! Nipige na mimi!" Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, sindano ikiingia na kutoka bila yeye kuinua macho, akasema kwa Kiswahili safi cha Katumba, kwetu Tanzania: "Mimi usinipige, kijana."

Nilishusha kamera. Tangu siku ile nimekuwa nikikitafuna kitenzi hicho.

Piga ni mtumishi wa kila nyumba. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, kura, makasia na mbizi, na hakuna anayeumia. Lakini tazama kinavyobadilika mtu akiingia katikati. Kwenye simu tunasema nipigie, na hiyo i ndogo inamweka mtu kando salama: kinachopigwa ni simu, yeye anapokea tu. Kwenye picha hakuna kinga hiyo. Nipige, basi, mtendwa ni mimi mzimamzima. Nikisema nipigie picha, nimebadili maana: sasa nataka uipige kwa ajili yangu, pengine ni ya mtumbwi wangu au ya mama yangu. Mpiga picha wa habari anaishi katika tofauti ya irabu hiyo moja. Anampiga huyu aliye mbele yake, na anampigia yule asiyekuwapo, msomaji wa kesho anayekunywa chai. Yule mzee alilijua hilo bila kulisomea.

Tarehe 2 Agosti 2015, Jenerali Adolphe Nshimirimana alipouawa Bujumbura, Esdras Ndikumana, mwandishi wa AFP na RFI, alikwenda mahali pa tukio kupiga picha. Alikamatwa, akapigwa. Kitenzi ni kilekile, iliyogeuka ni kauli tu.

Wiki kumi hivi baadaye, tarehe 13 Oktoba, katika mtaa wa Ngagara, mji uleule wa Bujumbura, aliuawa kwa risasi Christophe Nkezabahizi, pamoja na mkewe na watoto wawili. Wakazi waliwanyooshea kidole polisi. Alikuwa kamerameni wa RTNB, redio na televisheni ya taifa, yaani mtu ambaye kazi yake Warundi waliitazama kila jioni bila kumwona mwenyewe. Hapa ndipo istilahi zetu zinapoanza kunitoka mkononi.

Anza na jina la kazi. Kwa miaka mingi tulisema mwandishi wa habari, na mtu wa kamera hakuwamo, maana haandiki. Mwanahabari limemfungulia mlango. Lakini sikiliza taarifa zetu zinavyosomwa bado: "mwandishi wetu na mpiga picha wake". Wake! Mtu mzima aliyebeba kilo kadhaa za chuma begani, aliyelazimika kusimama pale ambapo mwandishi angeweza kuinama, anageuzwa kuwa mali ya mwenzake kama mwavuli. Nimehariri habari za namna hiyo mwenyewe, na nikaziacha zipite.

Kuna wanaopendekeza mwanahabari picha. Silipendi, ni maneno mawili yaliyobandikwa bila kiunganishi, kama vile lugha imesahau kutumia -a ya uhusiano. Mpiga picha wa habari linatosha, na linamwacha na heshima yake mbele ya mpiga picha wa harusi na yule wa pasipoti, ambao nao wanakula jasho lao.

Halafu kuna eneo la vita. Neno hili lina mipaka ndani yake: unavuka, unaingia, unafanya kazi, unatoka, unapanda ndege. Linamfaa aliyetumwa. Nkezabahizi hakutumwa Ngagara. Alikuwa akiishi pale. Hakuna aliyetangaza vita Burundi mwaka ule. Kulikuwa na muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, maandamano kuanzia Aprili, jaribio la mapinduzi tarehe 13 Mei, redio binafsi zikaharibiwa. Wengine waliita machafuko, wengine mgogoro, wengine fujo, kila mmoja kulingana na anakosimama. Aliyefia nyumbani kwake hakuingia eneo lolote. Ukimwita mpiga picha wa vita unampa vita asivyovifuata.

Na hata waliovifuata, kifo hakikuwatii. Mohamed Amin wa Nairobi, aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia mwaka 1984, alikatika mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka. Mtu wake wa sauti, John Mathai, alikufa. (Mtu wake! Nimeliandika tena.) Amin mwenyewe alikufa tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Mogadishu ya tarehe 12 Julai 1993 ilikuwa vita kweli: helikopta za Marekani zilishambulia nyumba, wanahabari wakaenda kuonyesha waliouawa, umati wenye hasira ukawageukia. Walikufa wanne, Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia, Dan Eldon aliyelelewa Nairobi, na Mjerumani Hansi Krauss. Eldon ametungiwa vitabu na filamu. Maina na Macharia, jaribu kuwauliza vijana wa vyuo vya uandishi wa habari.

Baya kuliko yote ni hili la kupoteza maisha. Magazeti yanalipenda kwa sababu ni la adabu. Lakini mtu hupoteza ufunguo, hupoteza njia. Anayepoteza ana uzembe kidogo. Nkezabahizi hakupoteza kitu. Aliuawa, na kuuawa kuna ubora mmoja: kunaacha nafasi wazi nyuma yake, ile ya na, ambayo msikilizaji hawezi kuacha kuisubiri. Aliuawa na nani? Kufariki hakuulizi hivyo. Kuaga dunia ndiyo kabisa, kama vile marehemu alipunga mkono mlangoni.

Nilirudi kwa mzee wa wavu saa ya jua kali, nikiwa nimeacha kamera kwa mwenye nyumba ya wageni. Pwani hii ya Rumonge hadi Nyanza-Lac ndiko yalikoanza mauaji tarehe 29 Aprili 1972, ambayo Warundi wanayaita ikiza, na wengi wa waliokimbilia Tanzania waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo miaka thelathini na zaidi, baadhi wakarudi na Kiswahili chao. Nilimuuliza kama ana picha yoyote ya wazazi wake.

"Hakuna aliyewapiga," alisema.

Kwa sekunde moja sikujua amemaanisha nini. Kisha alikata uzi kwa meno, akaendelea na jicho lingine la wavu.

Mhariri mwenzangu, ukiletewa tanzia ya mpiga picha, fanya mambo mawili kabla ya kuipeleka mtamboni. Futa wake. Andika aliuawa, kama aliuawa, na ukijua na nani, maliza sentensi.