Msokoto wa bangi: Gundi ya karatasi na uzito wa sheria

MSOKOTO ni bangi iliyokaushwa, ikapondwa na kuviringishwa ndani ya karatasi mithili ya sigara. Nchini Kenya, ndicho kipimo kinachotumiwa sana kuuzia bangi rejareja, na ndicho kinachosikika mahakamani mashtaka yasomwapo: mshtakiwa alipatikana na msokoto mmoja, mitano au mia moja.

Msokoto hufungwa kwa njia mbili. Karatasi maalumu ya kusokotea huwa na ukanda mwembamba wa gundi ukingoni. Aghalabu gundi hiyo hutokana na utomvu wa mgunga, mti wa nyanda kavu za Afrika. Utomvu hulainika ukiguswa na mate, kisha hukauka na kushika. Karatasi isiyo na gundi, kama ya gazeti au daftari, hutegemea mkunjo na ncha zilizonyongwa, na ndiyo maana hufumuka kwa urahisi. Aidha, karatasi iliyochapishwa ikiungua, mvutaji huvuta na moshi wa wino.

Hata hivyo, mbele ya sheria, uwe umefungika barabara au umefumuka mfukoni, msokoto ni ushahidi ule ule. Bangi imepigwa marufuku nchini tangu enzi ya ukoloni, na sheria inayotumika ni ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994.

Kijana wa Kalamba, Kaunti ya Makueni, akinaswa na msokoto mmoja huweza kujipata kizimbani mjini Wote. Chini ya sheria ya 1994 ilivyokuwa awali, aliyeithibitishia mahakama kwamba bangi ilikuwa ya matumizi yake binafsi alikabiliwa na kifungo cha miaka 10. Marekebisho ya 2022 yalipunguza adhabu hiyo hadi kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi Sh100,000, au vyote viwili. Akishindwa kuishawishi mahakama, au akipatikana na hatia ya ulanguzi, adhabu huwa kali zaidi.

Kuvuta bangi ni kosa jingine peke yake. Vivyo hivyo kupatikana, bila sababu halali, katika nyumba au mahali ambapo watu hukutania kuivuta. Kwa hivyo, asiyeshika msokoto pia anaweza kushtakiwa.

Afrika Kusini ilifuata njia tofauti. Mnamo 2018, Mahakama ya Kikatiba ya huko iliamua kuwa mtu mzima anaweza kutumia bangi faraghani. Nchini Kenya, waumini wa Rastafari waliwasilisha ombi katika Mahakama Kuu mnamo 2021 wakitaka waruhusiwe kuitumia katika ibada.

Kiafya, moshi wa bangi una lami na gesi ya kaboni monoksidi, sawa na wa tumbaku. Kemikali yake ya kulevya, THC, hudhoofisha kumbukumbu na kupunguza wepesi wa mwili kuitikia hatari, jambo linalohatarisha maisha ya dereva na mwendeshaji bodaboda. Vijana ndio walio hatarini zaidi kwa kuwa ubongo huendelea kukomaa hadi takriban umri wa miaka 25, na uvutaji wa mara kwa mara huongeza uwezekano wa kupatwa na maradhi ya akili.

Anayetaka kuacha, au mzazi anayetafuta ushauri, anaweza kupiga simu bila malipo kwa mamlaka ya NACADA kupitia nambari 1192.