Ahadi ya programu: hutimia au huvunjika

Mstari huu wa JavaScript unatumia maktaba ya axios kuiomba seva bei ya mahindi: const bei = axios.get("/bei/mahindi"). Mstari ukishapita, ndani ya bei hamna bei yoyote. Ombi ndiyo kwanza limeondoka, na jibu huenda likachukua nusu sekunde, huenda likachukua sekunde ishirini kwenye simu yenye mtandao dhaifu. Kilichomo ni promise, yaani ahadi: kitu kinachoshika nafasi ya jibu mpaka jibu lenyewe lifike. Ni kama stakabadhi ya dobi. Nguo hujazipata, lakini una cha kushika, na unaweza kuendelea na shughuli zako.

Shughuli hizo ndizo zilizoleta ahadi. Katika ukurasa wa wavuti, JavaScript hufanya jambo moja kwa wakati. Ikisimama kungoja seva, vitufe havibonyezeki na ukurasa unaganda. Zamani mwanaprogramu aliacha maagizo ya kutekelezwa jibu likija, na maombi yakitegemeana, maagizo yaliingia ndani ya maagizo hadi msimbo ukawa haufuatiki. Ahadi ziliingia kwenye kiwango rasmi cha lugha hiyo mwaka 2015, ingawa wazo ni la zamani zaidi: Barbara Liskov na Liuba Shrira walichapisha makala kuhusu promises mwaka 1988. Sasa unaandika then kwa la kufanya ahadi ikitimia, na catch kwa la kufanya isipotimia.

Hapo kwenye kutotimia ndipo tafsiri inapotaka uangalifu. Kiwango kinasema rejected, na ni rahisi kukimbilia kusema imekataliwa. Neno hilo nalipinga. Mwanafunzi akisikia ahadi imekataliwa, ataelewa kwamba seva imelikataa ombi, na atapotea. Chukua fetch, njia ya kuomba iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe. Seva ikijibu 403, yaani hairuhusu, au 404, yaani kitu hakipo, ahadi ya fetch huhesabiwa kuwa imetimia. Iliahidi kuleta jibu, na jibu limeletwa, hata kama ni la kunyimwa. Mtandao ukikatika ndipo inaposhindwa. Axios huahidi jambo jingine: usipoielekeza vinginevyo, jibu lenye namba iliyo nje ya 200 hadi 299 huhesabiwa kuwa ni kushindwa. Ombi lilelile, seva ileile, matokeo mawili.

Basi tuseme ahadi imevunjika. Ndivyo tunavyosema kila siku, na neno hilo linamvuta msomaji aulize swali lenye maana: kiliahidiwa nini? Anayetumia fetch akijiuliza hivyo, atakagua kwanza response.ok, inayosema kama jibu ni la mafanikio, asije akamwonyesha mkulima ujumbe wa makosa mahali pa bei.

Kabla ya kutimia au kuvunjika, ahadi huwa inasubiri, na kusubiri huko kunaweza kurefuka mno. Axios haiweki kikomo cha muda isipoambiwa. Iambie timeout: 10000, kwa hesabu ya milisekunde, na zikipita sekunde kumi bila jibu ahadi itavunjika, catch itashika kazi, na mkulima ataona kitufe cha kujaribu tena badala ya duara linalozunguka tu.