Darubini ya shaba na mpaka wa Katanga

Darubini ya zamani ni bomba la shaba ya manjano lenye vioo. Kioo kikubwa cha mbele hukusanya nuru. Kile cha jichoni hukuza sura, nayo mara nyingi huonekana kichwa chini. Kwa darubini yake Galileo aliona, mwaka 1610, miezi minne ya Yupiteri. Wayezuiti wa Roma walitazama wenyewe, na mwaka 1611 wakakubali.

Huku kwetu Katanga, Charles Lemaire alipima mahali kwa nyota tangu 1898 mpaka 1900. Kisha, miaka 1911 hadi 1914, Wabelgiji na Waingereza walipima mpaka uliowekwa na mkataba wa 1894, penye kugawana maji ya Kongo na Zambezi. Kwa darubini ndogo ya theodoliti walilenga vilima na nyota.

Hesabu yao ilifuata maji. Lakini Walamba wa Sakania na wale wa Ndola, watu wa kabila moja, waligawanywa katika nchi mbili.

Chombo huonyesha pale tu kinapoelekezwa. Nasi wachungaji, tukichora ramani ya parokia, tuulize kwanza: katika nyumba hizi, nani ni ndugu ya nani?