Mafuriko ya chini kwa chini: Jinsi vijiji vya Budalang'i vinavyoweza kukabiliana na maji ya ardhini

MTO Nzoia unapofurika, macho ya wakazi wa Budalang'i, Kaunti ya Busia, huelekea kwenye kuta za udongo zilizojengwa kandokando yake. Kila mtu hutaka kujua iwapo zimestahimili au zimepasuka. Hata hivyo, katika vijiji vya tambarare ya Bunyala maji huweza kuingia nyumbani hata kuta zikiwa imara. Sakafu hulowa, mashimo ya vyoo hujaa, maji ya visima hupanda hadi karibu na mdomo na mihogo huozea shambani, ilhali hakuna aliyeyaona maji yakija.

Hayo ndiyo mafuriko ya maji ya ardhini. Hutokea pale ardhi inaposhiba maji kiasi kwamba haiwezi kupokea zaidi, nayo maji yaliyo chini yakapanda hadi juu. Hayana kishindo cha ukuta uliopasuka, lakini hukaa kwa muda mrefu na huharibu vitu viwili ambavyo kijiji hakiwezi kuishi bila navyo: maji ya kunywa na vyoo.

Hali ya nchi

Nzoia hukusanya maji yake kutoka Mlima Elgon na milima ya Cherang'any, hupitia nyanda za Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega na Siaya, kisha huingia Ziwa Victoria katika eneo la Bunyala. Bonde lake lina ukubwa wa karibu kilomita mraba 13,000. Kwa hivyo, mvua iliyonyesha Kitale huweza kumfikia mkazi wa Bunyala Kusini siku chache baadaye, hata kama kwake jua linawaka.

Mto huo unapofika kwenye tambarare hupoteza kasi na kutua mchanga na matope uliyobeba kutoka juu. Kadiri mashamba na misitu ya nyanda za juu inavyomomonyoka, ndivyo mashapo hayo yanavyozidi. Sakafu ya mto imeinuka, na katika baadhi ya sehemu mto ukijaa maji yake huwa juu kuliko mashamba yaliyo nyuma ya kuta. Upande wa kusini kuna kinamasi cha Yala, na magharibi ni ziwa lenyewe. Kijiji kilicho katikati ya maji hayo matatu hakiwezi kuwa na ardhi kavu kwa kina kirefu.

Kuta za Nzoia zilijengwa kati ya 1977 na 1984, takriban kilomita 16 kila upande wa mto. Zimewaokoa wengi, lakini pia zimepasuka mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2003, 2007, 2008 na 2011. Mradi wa serikali uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2007 ulishughulikia ukarabati wake pamoja na mipango ya kutoa tahadhari mapema katika Magharibi mwa Kenya.

Maji hupitaje chini ya ukuta?

Udongo wa tambarare hii umepangika kwa tabaka. Juu mara nyingi kuna mfinyanzi mweusi, na chini yake huweza kuwepo mchanga uliotuliwa na mto enzi zilizopita. Mto unapopanda ndani ya kuta, uzito wa maji husukuma maji mengine kupitia tabaka hilo la mchanga hadi upande wa pili. Huko hutafuta mahali penye udongo mwembamba, kama vile shimo la fuko, mzizi uliooza, kisima cha zamani au shimo la kuchimbia udongo wa matofali, kisha hububujika.

Iwapo maji yanayobubujika ni meupe, ukuta unavuja lakini haujaanza kuliwa. Yakitoka na mchanga na kuacha kichuguu kidogo pembeni, maana yake ni kwamba mchanga ulio chini ya ukuta unaondolewa kidogo kidogo. Hiyo ni dalili ya hatari kubwa, kwa kuwa ukuta huweza kuporomoka baada ya saa chache.

Watu wengi hukimbilia kuziba tundu hilo kwa udongo. Kufanya hivyo huyalazimisha maji kutokea mahali pengine. Utaratibu unaotumiwa na wahandisi, kwa mfano kwenye kuta za mto Mississippi nchini Marekani, ni kulizungushia tundu magunia ya mchanga mithili ya kisima kifupi. Maji hupanda ndani ya mzingo huo mpaka uzito wake upunguze msukumo kutoka chini, na mchanga ukaacha kutoka. Maji huachwa yaendelee kutiririka polepole, ila mchanga hubaki.

Ziwa linapopanda

Chanzo cha pili ni Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya maji yake, takriban asilimia 80, hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mnamo Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, nchini Uganda, na kuivuka kidogo alama ya 1964 ya mita 13.41. Vijiji vya ufuoni Bunyala vilifunikwa na wakazi wakahama. Mwaka 2024 mvua za masika zililipandisha tena.

Ziwa likipanda, maji ya ardhini katika tambarare iliyo karibu nalo hupanda pia, kwa sababu hayana pa kutokea. Mto nao hushindwa kumwaga maji yake ziwani kwa kasi ya kawaida. Kwa jambo hili ukuta wa mto hausaidii sana. Tena, ziwa hushuka polepole, hivyo ardhi huweza kubaki imeshiba kwa miezi kadhaa baada ya mvua kukatika.

Budalang'i haiko peke yake. Kijiji cha Hambledon, kusini mwa Uingereza, kilivamiwa na maji ya ardhini katika kipupwe cha 2000 na 2001, na tena cha 2013 na 2014, baada ya mvua kujaza miamba ya chokaa iliyo chini yake. Hatimaye kilichimbiwa bomba kubwa la kuyaondoa maji hayo. Funzo ni kwamba maji ya aina hii huhitaji njia ya kutokea, kwani ukuta hauwezi kuyazuia.

Kijiji kifanye nini?

Hatua ya kwanza ni kupima. Kijiji kichague visima vitatu au vinne, kimoja karibu na ukuta, kingine katikati na kingine karibu na ziwa au kinamasi. Kila wiki, alfajiri kabla ya watu kuteka, mtu mmoja apime kwa kamba yenye alama umbali kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji, na kuandika daftarini. Mvua zikianza, kipimo kifanywe kila siku. Baada ya misimu miwili au mitatu, daftari hilo litaonyesha ni kina kipi huashiria kwamba vyoo viko karibu kujaa. Likilinganishwa na kipimo cha mto kwenye daraja la Rwambwa, litaonyesha pia siku ngapi hupita kati ya mto kupanda na visima kupanda.

Taarifa hizo zisibaki kwa mzee wa kijiji pekee. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga imetumia redio ya jamii ya Bulala FM kuwafikia wakazi wa Budalang'i kwa lugha wanayoielewa. Baraza la chifu, makanisa, misikiti na shule ni njia nyingine.

Pili, ukuta ulindwe. Mifugo isiupande kila mahali, bali itengewe njia iliyoimarishwa kwa mawe. Miti mikubwa isipandwe juu yake, kwa sababu mizizi ikifa huacha mifereji ndani ya udongo. Nyasi fupi ndizo zinazofaa. Mapito ya viboko na mashimo ya fuko na mchwa yazibwe wakati wa kiangazi. Kuchimba mchanga, matofali au visima karibu na mguu wa ukuta kupigwe marufuku na jamii yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa Budalang'i methali hiyo ni ya kuchukuliwa jinsi ilivyo.

Tatu, maji yapewe njia. Mitaro iliyo nyuma ya kuta husaidia tu ikiwa imezibuliwa kabla ya mvua. Makalvati yanayopita chini ya ukuta yanahitaji milango inayofunguka upande mmoja, ili maji ya kijiji yatoke na ya mto yasirudi. Mto ukiwa juu milango hiyo hufungwa, na hapo pampu pekee ndiyo inayoweza kuondoa maji. Mifereji ya mashamba ya mpunga nayo ikaguliwe, kwa kuwa mfereji unaovuja huongeza maji kwenye ardhi iliyokwisha kushiba.

Visima na vyoo

Hapa ndipo maisha huokolewa au hupotea. Maji ya ardhini yakifika kwenye shimo la choo, uchafu husafiri nayo hadi kisimani, na kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hufuata. Kwa kawaida inashauriwa choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji ya ardhini. Katika sehemu nyingi za Bunyala shimo refu haliwezi kutimiza sharti hilo. Suluhisho ni choo kilichoinuliwa juu ya jukwaa la matofali na saruji, chenye ngazi, ambacho uchafu wake hukusanywa juu ya ardhi.

Kisima nacho kijengewe mdomo ulioinuka, kifuniko na sakafu ya saruji inayomwaga maji mbali. Mafuriko yakiisha, kisitumiwe mara moja. Kwanza subiri ardhi iliyokizunguka ishushe maji, kwani kukikausha haraka huweza kuangusha kuta zake. Kisha kisafishwe, kitiwe klorini chini ya uelekezi wa afisa wa afya ya umma, na maji yake yapimwe. Hadi hapo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Maji yaliyotuama pia huzalisha mbu, hivyo vyandarua vitumike na madimbwi yaondolewe. Viazi vitamu na mihogo huoza upesi kwenye udongo ulioshiba, kwa hivyo ivunwe mapema kipimo cha kisima kikianza kupanda. Mpunga na nduma hustahimili zaidi. Ghala la mavuno na sakafu ya nyumba viinuliwe.

Wajibu wa serikali

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya usafi wa kiwango kinachofaa. Huduma za maji na usafi ziko chini ya kaunti, huku kukabili majanga kukiwa jukumu la serikali zote mbili. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo yenye jukumu la kusimamia matumizi na vipimo vya maji, yakiwemo ya ardhini, na sheria inaruhusu wananchi kuunda vyama vya watumiaji wa maji vya kushirikiana nayo.

Daftari la visima lililotunzwa vyema huwapa wakazi nguvu mbele ya taasisi hizo. Kijiji kinachoweza kuonyesha kwa tarehe na vipimo kwamba visima vyake hupanda mita kadhaa kila masika kina hoja ya kudai vyoo vilivyoinuliwa, kalvati au pampu katika vikao vya bajeti ya kaunti. Kisicho na kumbukumbu husubiri unga na mablanketi ya msaada baada ya maji kuingia.

Kuta za Nzoia bado zinahitajika, na zitahitaji kukarabatiwa daima. Lakini anayezikagua kuta hizo kila masika anapaswa pia kuinama na kuangalia ndani ya kisima.