Mbwaa, Takwa, Shanga: Vijiji Vya Pwani Vyenye Stori Inafika Hadi Ocha

Kama ocha yako ni Karurumo, bahari kwako ni kitu ya kwa simu. Kutoka hapo Embu hadi Lamu ni safari ya siku nzima, na kitu yetu inashukanga Pwani kila siku ni muguka tu. Lakini vuka mto Thuci uingie upande wa Chuka na Meru, uulize wazee walitoka wapi. Watakuambia Mbwaa. Na Mbwaa, msee, ni kisiwa.

Sisi wa Embu tuko na stori yetu ya Mwene Ndega na bibi yake Nthara, na msitu wao uko karibu na Runyenjes. Wameru wanasema wao waliishi baharini, wakatawaliwa na watu wanaitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Hao mabosi walikuwa wanatoa kazi haiwezekani: leta kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, leta mkuki wa kufika mbinguni. Kiatu walitengeneza na ile ngozi inaning'inia shingoni mwa ng'ombe. Mkuki ndio uliwashinda, so wakahepa usiku. Kiongozi wao, Koomenjwe, akapiga maji na fimbo, yakafunguka. Waliovuka giza wakaitwa weusi, wa alfajiri wakaitwa wekundu, na waliofika jua likiwa limetoka wakaitwa weupe. Hadi leo koo za Meru zinahesabiwa hivyo.

Unaweza sema hiyo ni Musa amebadilishwa jina. Lakini mwanahistoria Jeffrey Fadiman alikaa na wazee wa Meru, akafuata stori hadi kisiwa cha Manda, pale Lamu. Kati ya Manda na bara kuna mkono mwembamba wa bahari unaitwa Mkanda. Maji yakijaa, mashua inapita. Yakikupwa, inabaki matope na mikoko. Mtu anajua saa ya maji hahitaji muujiza, anahitaji tu kutoka kwa nyumba mapema. Si wanahistoria wote wamekubali, kuna wenye wanapeleka Mbwaa hadi Ethiopia. Mimi naona Manda iko na nguvu zaidi, juu ya hayo maji.

Hiyo pwani iko aje

Sahau picha za hoteli za Diani. Huku kwa visiwa vya Lamu ufuo mwingi ni mwamba wa matumbawe, mkali kama wembe, halafu mikoko na vijito vya kuingia ndani ndani. Hiyo ndiyo ilifanya watu wakae kwa vimiji vidogo vidogo, kila mmoja na kijito chake na visima vyake. Mwamba wenyewe ndio ulikuwa mawe ya kujenga, na ukichomwa unatoa chokaa.

Manda mjini ilikuwa inafanya biashara na Ghuba kutoka karne ya 9. Shanga, kisiwa cha Pate, ni ya zamani zaidi. Mark Horton alichimba hapo miaka ya 1980, akapata misikiti juu ya misikiti, ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Shanga ilibaki mahame karne ya 15. Ni huku pia watu wanasema mabaharia Wachina walizama wakaoa, na 2005 msichana mmoja wa huko alipata ufadhili wa kusoma China juu ya hiyo stori. Faza nayo ilichomwa na Wareno 1587.

Yangu ni Takwa, hapo hapo Manda. Ilishika kati ya 1500 na 1700. Milango ya nyumba karibu yote inaangalia kaskazini, upande wa Makka. Kuna kaburi lenye mnara limeandikwa mwaka wa Hijria 1094, hapo 1683 hivi. Hakuna jeshi lilimaliza Takwa. Inaaminika visima viliingia chumvi, na bila maji tamu hakuna mji. Watu wakavuka kwenda Shela, kisiwa cha Lamu, na watoto wao bado hurudi Takwa kuomba mvua kwa hilo kaburi.

Fikiria hiyo kidogo. Mtu wa Shela anajua kwao palipokufa, na anaweza kupagusa na mkono. Mtu wa Meru amebeba jina tu, na wazee wenye walijua stori yote wanaisha. Na Manda ya leo si ya kungoja: kiwanja cha ndege cha Lamu kiko hapo kisiwani, na bandari mpya ya Lamu ilipokea meli ya kwanza Mei 2021, ng'ambo tu.

Ukifika Lamu, Takwa unaenda na boti. Lakini uliza nahodha saa ya maji kujaa kabla mpatane bei, juu kile kijito cha mikoko kikikauka, mtalala huko na mbu.